Baba Mwingereza, Mama Mmarekani, Mtoto Chile: Uchambuzi wa Kisa cha Abbott

Mwaka 1992 Mwingereza mmoja alimwoa Mmarekani, na ndoa yao ikafungwa Uingereza. Mwaka 1995 walipata mtoto wa kiume, aliyezaliwa Hawaii. Mwaka 2002 familia nzima ilihamia La Serena, mji wa pwani ulioko kaskazini mwa Santiago nchini Chile, na huko ndiko ndoa ilikoyumba, hata ilipofika Machi 2003 mume na mke walikuwa wametengana. Vitabu vya sheria vinawafahamu kwa jina la ukoo tu, kwa kuwa shauri lao lililofika Mahakama ya Juu ya Marekani linaitwa Abbott dhidi ya Abbott. Humu nitawaita baba na mama.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya dhana moja ambayo wanandoa wanaoishi ugenini huwa nayo hadi siku wanapogombana, nayo ni kwamba mtu husafiri na sheria za kwao. Mmoja hudhani kwamba, kwa kuwa ndoa ilifungwa kwao, mahakama za kwao ndizo zitakazoivunja. Mwingine hudhani kwamba mtoto mwenye pasipoti ya nchi yake anaweza kurudishwa nyumbani wakati wowote, maana nani atamzuia raia kuingia kwao? Kuhusu talaka dhana hiyo ina ukweli kiasi, kwani nchi nyingi huwaruhusu raia wao, au mtu yeyote aliyekaa humo kwa muda uliowekwa, kufungua shauri la kuvunja ndoa iliyofungwa kwingine. Kuhusu mtoto ukweli wake ni mdogo mno. Kinachotazamwa kwanza ni mahali mtoto alipokuwa akiishi maisha yake ya kawaida kabla ya mvutano kuanza: shule aliyokwenda, kitanda alicholalia, watu aliowazoea. Mtoto wa kisa hiki alikuwa Mmarekani kwa kuzaliwa na alikuwa na pasipoti ya Uingereza kwa upande wa baba, lakini mbele ya mahakama alihesabiwa kuwa mkaazi wa Chile, na wazazi wake wote wawili walikubaliana na hesabu hiyo.

Baada ya kutengana, wazazi hao waliingia katika mahakama za Chile kama ambavyo mkaazi yeyote wa nchi hiyo angefanya. Jambo moja la pembeni linafaa kutajwa hapa: walipotengana, Chile haikuwa bado na sheria ya talaka. Sheria ya kwanza iliyowawezesha watu wa nchi hiyo kutalikiana ilianza kutumika Novemba 2004, yaani zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye. Kwa hiyo mvutano wa mtoto ulianza na kuamuliwa peke yake, ndoa ikiwa bado ipo kwenye karatasi, na jambo hilo linaonyesha vizuri kwamba talaka na ulezi ni maswali mawili tofauti ambayo si lazima yajibiwe na mahakama moja, wala katika nchi moja, wala kwa wakati mmoja.

Mahakama za Chile zilimpa mama malezi ya kila siku ya mtoto. Baba alipewa haki ya kumwona mtoto moja kwa moja na kwa utaratibu maalumu: kila wikiendi ya pili, na mwezi mzima wa Februari kila mwaka. Huo mwezi haukuokotwa tu. Februari nchini Chile ni kiangazi na shule zimefungwa, kwa hiyo baba alikuwa amepewa likizo ya mtoto. Kwa mtazamo wa kawaida mambo yalikuwa yamekwisha: mama ndiye mlezi, baba ni mgeni anayekuja kumchukua mtoto Ijumaa na kumrudisha Jumapili. Lakini sheria ya watoto ya Chile, sheria namba 16.618, ina kifungu cha 49, na humo mna sentensi ambayo wakati huo pengine hakuna aliyeipa uzito. Inasema kwamba mahakama ikishampa mzazi mmoja haki ya kumwona mtoto, basi idhini ya mzazi huyo pia itahitajika kabla mtoto hajatolewa nchini, na kwamba idhini hiyo isipoweza kupatikana, au ikikataliwa bila sababu ya msingi, mwenye kutaka kusafiri anaweza kwenda kwa hakimu ili yeye aitoe.

Wanasheria huiita haki ya namna hii kwa maneno mawili ya Kilatini, ne exeat, yaani asitoke. Mimi nitaiita haki ya kibali.

Baadaye kilitokea kituko ambacho, kwangu mimi, ndicho kiini cha kisa chote. Baba alimpatia mtoto ile pasipoti ya Uingereza. Mama akaingiwa na wasiwasi kwamba siku moja, katika wikiendi mojawapo au katika mojawapo ya hizo Februari, mtoto atapandishwa ndege kwenda Uingereza na asirudi. Alikwenda mahakamani kuomba amri ya kuzuia mtoto asitolewe Chile, na akapewa. Wasiwasi wake haukuwa wa ajabu. Ni ule ule unaompata karibu kila mzazi wa familia ya mataifa mawili pindi anapogundua kwamba kuna hati ya kusafiria asiyoishika yeye. Ila amri ya namna hiyo haina mgongo na uso. Haikusema kwamba baba ndiye asimtoe mtoto nchini. Ilisema mtoto asitolewe. Agosti 2005, mashauri yakiwa bado yanaendelea katika mahakama za Chile, aliyemtoa mtoto alikuwa ni mama mwenyewe, bila idhini ya baba na bila ruhusa ya mahakama. Baba alikodi mpelelezi wa kujitegemea, na mpelelezi huyo akawapata mama na mtoto Texas.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu wengi wanaosimuliwa kisa hiki huuliza: mama alikuwa mlezi halali, je, alitakiwa abaki Chile maisha yake yote kwa sababu tu mume aliyeachana naye anaishi huko? Jibu ni hapana, na limo ndani ya kifungu kile kile cha 49. Alikuwa na mlango. Angeweza kumwomba baba idhini kwa maandishi na, akikataliwa, kumweleza hakimu wa La Serena kwa nini anataka kuhamia kwao, mtoto atasoma wapi, atamwona baba yake lini, nauli italipwa na nani. Hakimu angeweza kukubali au kukataa. Mlango huo ni wa polepole na unachosha, hasa kwa mtu anayesimama mbele ya mahakama ya ugenini akitegemea wakalimani na wakili wa lugha nyingine, nami simlaumu mtu anayeuona kuwa ni mzito. Lakini ulikuwapo, na kuwapo kwake kulikuja kumgharimu sana, kwa sababu mahakama haikumwona kama mtu aliyefungiwa bali kama mtu aliyepita dirishani wakati mlango ulikuwapo.

Mnamo Februari 2006 mama alifungua shauri la talaka katika mahakama ya jimbo la Texas. Sheria ya familia ya Texas humtaka mmoja wa wanandoa awe ameishi jimboni kwa miezi 6 na katika kaunti husika kwa siku 90 kabla ya kufungua shauri la talaka. Haijali ndoa ilifungwa wapi wala mwenza mwingine ni raia wa wapi. Kwa hiyo kuhusu ndoa hakuwa amekosea njia. Ila ndani ya maombi ya talaka aliingiza na mtoto: aliomba apewe mamlaka kamili ya kuamua mtoto akae wapi, na baba amwone mtoto huko huko Texas tu, chini ya uangalizi. Maombi hayo, kama yangekubaliwa, yangefuta kwa kalamu moja kile kilichokwisha kuamuliwa Chile. Baba naye aliiomba mahakama hiyo ya jimbo imruhusu arudi na mtoto Chile. Akakataliwa, lakini akapewa muda mrefu wa kukaa naye, kwa sharti kwamba asiondoke Texas.

Ndipo, Mei 2006, baba alipoacha kuzungumzia talaka na kwenda mahakama nyingine kabisa, mahakama ya shirikisho ya Wilaya ya Magharibi ya Texas, akiwa na ombi moja tu: mtoto arudishwe Chile. Msingi wake ulikuwa Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 kuhusu utoroshaji wa watoto kutoka nchi moja kwenda nyingine, ambao Chile na Marekani zote ni wanachama wake, pamoja na sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inayoutekeleza.

Mkataba huo haufanyi kile ambacho watu wengi hudhani unafanya. Hauamui nani ni mzazi bora. Unachoamua ni nchi ipi itakayojibu swali hilo, na jibu lake la kawaida ni kwamba mtoto arudishwe alikokuwa akiishi ili mahakama za huko ziendelee na kazi. Kifungu cha 16 huzizuia mahakama za nchi alikopelekwa mtoto kuamua kiini cha suala la ulezi hadi ombi la kurudishwa limalizike, na kifungu cha 19 husema wazi kwamba kumrudisha mtoto si kuamua nani awe mlezi wake. Kwa maana hiyo, hata kama baba angeshinda siku ya kwanza, mtoto asingekabidhiwa kwake. Angerudishwa Chile, pengine akiongozana na mama yake, na mama angeendelea kuwa mlezi wa kila siku hadi hakimu wa huko aseme vinginevyo. Nimeona watu wakiogopa neno kurudishwa kana kwamba maana yake ni kunyang'anywa.

Tarehe pia zina uzito. Kifungu cha 12 kinasema kwamba ombi likifunguliwa ndani ya mwaka mmoja tangu mtoto atolewe kwao, mahakama imrudishe mara moja. Mwaka ukishapita, mzazi aliyemchukua anaweza kujitetea kwamba mtoto amekwisha kuzoea mazingira mapya. Mtoto alitolewa Agosti 2005, baba akafungua ombi Mei 2006. Ni kama miezi 9. Kama angeendelea kuvutana ndani ya shauri la talaka hadi vuli ya 2006, mama angepata utetezi ambao hakuwa nao, na kwa kuwa mwaka huhesabiwa hadi siku ya kufungua ombi, miaka iliyofuata ya kusubiri hukumu haikumwongezea kitu.

Kila kitu kilichotakiwa na Mkataba kilikuwa kimekubaliwa: mtoto alikuwa chini ya miaka 16, alikuwa mkaazi wa Chile, na nchi zote mbili ni wanachama. Lilibaki swali moja. Mkataba hutofautisha haki za ulezi na haki za kumwona mtoto, na kumrudisha mtoto ni dawa ya waliovunjiwa haki za ulezi peke yao. Aliyevunjiwa haki ya kumwona mtoto anayo msaada wa kifungu cha 21, ambao ni msaada wa kupangiwa namna ya kumwona mtoto huko huko aliko, si wa kumrudisha. Sasa baba huyu, mwenye wikiendi mbili kwa mwezi, Februari moja kwa mwaka, na haki ya kusema hapana mtoto anapotaka kutolewa nchini, ana haki ya aina gani?

Mahakama hiyo ya Wilaya ilisikiliza shauri mbele ya jaji peke yake, bila juri ya raia, na katika usikilizaji huo baba peke yake ndiye aliyetoa ushahidi. Julai 2007 ikasema haki ya kibali si haki ya ulezi. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 5, moja ya mahakama za rufaa za shirikisho, ikakubaliana nayo, ikifuata hoja za uamuzi wa mwaka 2000 wa mwenzake wa Mzunguko wa 2 katika shauri la Croll, lililomhusu mtoto aliyechukuliwa kutoka Hong Kong. Katika uamuzi huo wa mwaka 2000 jaji mmoja alipingana na wenzake na kusema kwamba haki ya kibali ni haki ya ulezi. Jaji huyo alikuwa Sonia Sotomayor. Shauri la Abbott liliposikilizwa na Mahakama ya Juu, Januari 2010, yeye alikuwa mmoja wa majaji 9 waliokaa kwenye kiti.

Uamuzi ulitolewa tarehe 17 Mei 2010, kwa kura 6 dhidi ya 3, ukiandikwa na Jaji Anthony Kennedy, na Sotomayor safari hii akiwa katika walio wengi. Hoja nzima ilisimama juu ya maneno machache ya kifungu cha 5 cha Mkataba, kinachosema kwamba haki za ulezi ni pamoja na haki ya kuamua mahali mtoto atakapoishi. Mahali ni wapi? Hata kwa Kiswahili, ukimuuliza mtu anakaa wapi, jibu linategemea umekutana naye wapi: mkiwa mji mmoja atakutajia mtaa, mkiwa nchi ya mbali atakutajia nchi yake. Mama alisema mahali ni nyumba na mtaa, mambo ambayo yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiyaamua. Kennedy alisema kwamba katika Mkataba unaohusu watoto wanaovushwa mipaka, mahali ni pamoja na nchi, na kwamba baba, kwa kuwa mtoto hakuweza kuhamishiwa nchi nyingine bila yeye kukubali, alikuwa akishirikiana na mama katika kuamua nchi ya kuishi. Aliongeza kwamba nchi ndiyo inayomfanya mtoto azungumze lugha fulani na akulie katika mila fulani, kwa hiyo mwenye sauti juu ya nchi ana sauti juu ya malezi yenyewe, hata kama hana sauti juu ya chakula cha jioni.

Ni muhimu pia kwamba mahakama haikujifungia ndani ya kamusi ya sheria za Marekani, ambamo neno ulezi humaanisha kukaa na mtoto. Ilisema maudhui ya haki ya baba yanatoka katika sheria ya Chile, lakini kama maudhui hayo ni ulezi au la, jibu linatoka katika Mkataba, na Mkataba unatakiwa usomwe kwa namna moja na wanachama wake. Ikatazama nje: mahakama za Uingereza zilikuwa na msimamo huo tangu 1989, na za Israeli, Austria, Afrika Kusini na Ujerumani zilikuwa zimeelekea huko huko. Idara ya Mambo ya Nje ya Marekani nayo ilikuwa upande wa baba. Ile amri aliyoiomba mama mwenyewe haikuwa msingi wa uamuzi. Mahakama iliegemea kifungu cha 49, na ikaacha bila kujibu swali la amri za kuzuia zisizotaja idhini ya mzazi.

Jaji John Paul Stevens, akiungwa mkono na Clarence Thomas na Stephen Breyer, alipinga. Kwake yeye, kifungu cha 49 kilikuwa uzio uliowekwa kulinda haki ya baba ya kumwona mtoto na si zaidi. Mwenye uwezo wa kusema hapana tu, alihoji, anaamua nini? Hawezi kusema mtoto aishi La Serena au Santiago, hawezi kumpeleka popote. Anaweza kukataza safari moja ya mwisho. Kumwita mtu huyo mlezi ni kufuta mstari ambao waandishi wa Mkataba waliuchora kwa makusudi.

Naona Kennedy alikuwa sahihi, kwa sababu kama mzazi mlezi angeweza kuvunja kifungu cha 49 na akabaki na matunda ya kukivunja, kifungu hicho kingekuwa na nguvu hadi kwenye lango la uwanja wa ndege tu. Hata hivyo, hoja ya Stevens inaniuma sehemu moja. Mkataba ulipoandikwa, picha iliyokuwa vichwani ni ya baba asiye mlezi anayemnyakua mtoto na kukimbia naye. Imekuja kuonekana kwamba wengi wanaoondoka na watoto ni akina mama wanaowalea kila siku, baadhi yao wakikimbia ndoa zenye vipigo, na kwa mama wa namna hiyo haki ya kibali iliyo mikononi mwa mume ni kamba. Mkataba unalijibu hilo kwa kifungu cha 13, kinachoruhusu mtoto asirudishwe pakiwa na hatari kubwa ya kudhurika mwilini au kiakili, au mtoto mwenye umri wa kutosha na upeo akikataa mwenyewe kurudi. Mzigo wa kuthibitisha hatari hiyo uko kwa aliyemchukua mtoto, na ni mzigo mzito. Katika kisa chetu mlango huo haukufungwa: Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi wa chini na kulirudisha shauri, ikikumbusha kwamba kumrudisha mtoto si jambo linalojiendesha lenyewe na kwamba mama angali na nafasi ya kuonyesha kuwa moja ya vighairi vya Mkataba linamhusu.

Kifungu cha 11 cha Mkataba kinazitaka mahakama zifanye haraka, na kinampa mwombaji haki ya kuomba maelezo ya ucheleweshaji kama wiki 6 zimepita bila uamuzi. Katika shauri hili, swali la awali peke yake, la kama baba alikuwa na haki ya kuomba, lilichukua kuanzia Mei 2006 hadi Mei 2010. Mtoto aliyetolewa La Serena akiwa na umri wa takriban miaka 10 alikuwa tayari kijana wa Texas. Na kifungu cha 4 kinasema Mkataba huacha kumhusu mtoto siku anapotimiza miaka 16. Kwa aliyezaliwa mwaka 1995, siku hiyo ilikuwa ndani ya mwaka 2011.